Maduka na majumba ya zamani ya Lindi, Mikindani na Mtwara: tuyaandike vipi

Kutoka: Mwana wa Ndoro (Leicester)

Ndugu zangu wa kusini, habari za kutwa.

Majina ya maduka ya zamani tunayoyakusanya hapa kundini yanazidi kumiminika, na ni jambo jema, ila mengi hayana pa kushika. "Duka la Mhindi pale kona" halitusaidii. Lindi kona ni nyingi, na Wahindi wenye maduka walikuwa wengi zaidi. Kila kumbukumbu ije na mahali, kipindi, na chanzo: msemaji aliona mwenyewe au alisimuliwa? Jina la mwenye duka lifuate baadaye, kwa sababu ndilo tunalobishania sana na ndilo linalosaidia kidogo.

Mahali: msitegemee jina la barabara peke yake, mengine yamebadilishwa. Fungua ramani ya setilaiti kwenye simu, bonyeza juu ya paa ushikilie mpaka zitokee namba mbili. Kwa Lindi mjini, ya pili itaanza na 39.7. Nakili tarakimu 5 baada ya nukta. Tano zinakupa usahihi wa kama mita 1. Nne ni kama mita 11, na penye maduka yaliyobanana mita 11 zinakurusha duka la pili au la tatu. Jengo likiwa limebomolewa, weka alama kwa jengo la jirani lililobaki, halafu andika "la pili kuelekea baharini, mkono wa kushoto". Bahari kila mtu anaijua ilipo. Kaskazini muulize nahodha.

Kipindi: "zamani" haitoshi. Tutumie vigingi ambavyo wazee wanavikumbuka bila kalenda: kabla ya kimbunga cha Aprili 1952, toka kimbunga hadi uhuru wa 1961, uhuru hadi 1971, na baada ya hapo. Bibi hatakutajia mwaka, lakini atakwambia kama lile duka lilikuwapo siku mabati yaliporuka.

---

Kutoka: Binti Shangani (Toronto)

Kaka Ndoro, nimekuelewa, ila huo mwaka 1971 ueleze, maana nusu ya ugomvi wetu unatoka hapo.

Sheria ya kutwaa majumba ilipita Aprili 1971. Jengo la kupangisha lenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000 lilikwenda kwa Msajili wa Majumba, yaani serikalini. Fidia ilipunguzwa kadiri jengo lilivyokuwa na umri, na lililozidi miaka 10 halikulipwa kitu. Sasa fikirieni ghorofa ya miaka ya 1940, duka chini, familia juu. Kuna waliofunga virago, na kuna waliobaki mlemle kama wapangaji, mlango uleule, kaunta ileile. Ndiyo maana mmoja anasema "nyumba ya fulani" na mwenzake anasema "nyumba ya Msajili", na wote wako sahihi. Kila jengo lipewe mistari miwili: mwenye jengo, na mwenye duka. Kazi za Msajili zilihamia Shirika la Nyumba la Taifa mwaka 1990, kwa hiyo anayesema "la Shirika" kwa mambo ya 1975, muulize tena taratibu.

Ongezeni kigingi kingine, 1976, Operesheni Maduka. Maduka ya watu binafsi vijijini yalifungwa kupisha ya ushirika. Muuza duka wa bara huko aliyeonekana ghafla mjini miaka hiyo huenda alikimbilia ndugu, si kwamba alikuwa mtu wa mjini tangu zamani.

Na jamani, Mtwara yenyewe. Mji huu ulikua na bandari ya ule mradi wa Waingereza wa kulima karanga, kuanzia 1947. Mtu akikuletea duka la "Mtwara" la 1930, kwanza mpeleke Mikindani. Reli ya mradi huo nayo ilifungwa mwaka 1962. Anayesema alipokea mzigo wa treni mwaka 1968 amechanganya na lori, hata kama Kata ya Reli ipo hadi leo.

---

Kutoka: Mtu wa Mikindani (Muscat)

Da' Shangani umenena. Mimi nitasema juu ya milango, maana tunasoma tarehe vibaya.

Tarehe juu ya mlango huenda si Miladi. Ikiwa kwa Kiarabu na ni kama 1310, hiyo ni Hijria: zidisha kwa 0.97, ongeza 622. Hapo unapata 1892 na kitu, na kweli mwaka 1310 ulianza Julai 1892. Nyumba za Wahindu zinaweza kuwa na mwaka wa Samvat, kalenda yao: toa 57, au 56 kwa sehemu ya mwaka wao inayoangukia baada ya Desemba. Kwa hiyo 2004 kwenye kizingiti ni 1947 au 1948; hakuna aliyejenga juzi. Tarakimu za Kiarabu zilizolika huchanganya, hasa 2 na 3. Piga picha tochi ikiwa imelazwa ubavuni mwa maandishi ili kivuli kiingie kwenye michoro. Msipake chaki wala mafuta: chaki hujaa kwenye nakshi, mafuta hushika vumbi.

Tena mlango si umri wa ukuta. Milango iliuzwa ikahamishwa. Tazama pale fremu inapokutana na mawe: ukuta wa matumbawe na chokaa ukiwa na saruji kuzunguka fremu tu, mlango ule uling'olewa au uliletwa. Upana wa chumba nao unasema. Dari la boriti za mikoko halivuki sana mita 3, hivyo vyumba vya zamani ni virefu na vyembamba. Ukumbi mpana usio na nguzo, hapo kuna zege au chuma, na ni wa baadaye.

Boma la Wajerumani la 1895 msilipotezee muda, limeandikwa vya kutosha. Tunayoyahitaji ni maduka ya nyuma yake.

---

Kutoka: Mpwa wa Mikumbi (Birmingham)

Shikamooni wakubwa. La picha niachieni mimi.

Skani picha ya karatasi kwa dpi 600 (nukta kwa inchi), negativu kwa 2400, uhifadhi kama TIFF, faili isiyopunguza ubora. JPEG iwe nakala ya kutuma. Skani na nyuma yake, hata ikiwa tupu: mhuri wa studio hukaa huko. Zile albamu zenye gundi na plastiki, msibandue kwa kucha. Pitisha uzi wa kusafishia meno chini ya picha, polepole, ukianzia pembeni. Ikigoma, skani ukurasa mzima. Nyuma andika kwa penseli laini, kamwe si kalamu ya wino.

WhatsApp hubana picha na kufuta taarifa zake. Tumeni kama hati, si kama picha. Jina la faili liwe hivi: lindi_sokoni_jengo07_1952-1961_mbele.

Mkipiga simu nyumbani, msiulize "nani alikuwa na duka". Mwambie babu atembee kwa maneno: "Tumetoka sokoni, tunashuka gati, mkono wa kulia kuna nini?" Kisha "ulikuwa unatumwa kununua nini pale?" Mafuta ya taa, kaniki au ratili ya sukari humrudishia jina la muuzaji haraka kuliko swali la jina. Dakika 20 zinatosha, kisha mwacheni apumzike.

Kuna picha za enzi ya Wajerumani mtandaoni kwenye Maktaba ya Chuo Kikuu cha Frankfurt, tafuteni Lindi na Mikindani. Walio karibu na London, daftari za wilaya za enzi ya Waingereza zimo kwenye filamu ndogo (microfilm) pale chuo cha SOAS.

---

Kutoka: Mwana wa Ndoro (Leicester)

Ahsante mpwa. Familia ambazo watu wake wako hai, tuandike aina ya biashara tu (kitambaa, vyombo, mkate), jina liingie wakikubali wenyewe. Nani ana maduka ya Chikongola, kule Mtwara? Naona wote mmekimbilia Lindi.