Rejeta inapungua maji polepole, chini hakuna tone

MtuwaIpuli: Wakuu, nina gari la 1998, injini 5A, niko Tabora. Kila wiki naongeza kama nusu lita kwenye rejeta. Chini pakavu, na mchanga wa uani kwangu haufichi kitu. Geji ya joto haipandi, hata nikienda Nzega na jua hili la Oktoba. Fundi anasema tufungue silinda hedi. Hela ya hedi si ya kubahatisha, nianzie wapi?

Spana14: Huyo anataka kula kwako. Maji yakidondokea chuma cha moto hukauka kabla ya kufika chini, yanabaki madoa meupe. Asubuhi, injini ikiwa baridi, mulika tochi kwenye maungio ya hozi, pale plastiki ya rejeta inaposhikana na bati, na chini ya shafti ya pampu ya maji. Pana kitundu hapo. Sili ikichoka, maji hutokea humo.

BabaK: Mpira wa mfuniko wa rejeta pia. Halafu shika kapeti mbele ya abiria: likilowa, ni hita ya ndani ya gari inavuja. Hedi ifikirie oili ikiwa kama chai ya maziwa, au moshi mweupe usiokwisha.

MtuwaIpuli: Kapeti kavu, oili safi. Kitundu cha pampu kina ukoko mweupe mpaka kwenye bloku!

Spana14: Pampu hiyo. Ukibadilisha weka kulanti, yale maji maalumu ya rejeta; maji ya bomba yanaleta kutu.