Tupeane uzoefu: riwaya ambazo mwandishi aliyafungia mapenzi mlango kwa makusudi

Mwanzisha mada

Ndugu wasomaji, habari za jioni.

Nilipokuwa kidato cha pili, nakala ya *Mzimu wa Watu wa Kale* iliyokuwa ikizunguka bwenini kwetu haikuwa na jalada. Ilikuwa imevikwa gazeti na kushonwa mgongoni kwa uzi wa fundi viatu. Pembeni mwa ukurasa mmoja wa katikati, msomaji aliyenitangulia alikuwa ameandika kwa penseli, "Huyu Bwana Msa ataoa lini?" Chini yake mwingine akajibu kwa kalamu ya wino, "Subiri." Nami nikasubiri hadi mwisho, nikiamini kwamba posa italetwa wakati wowote. Muhammed Said Abdulla, Mzanzibari aliyetuletea riwaya hiyo mwaka 1960, alimpa mpelelezi wake huyo, Bwana Msa, kiko, akili kali na rafiki aitwaye Najum, lakini hakumpa mchumba. Nilifunga kitabu nikihisi nimepunjwa.

Miaka mingi baadaye niligundua kwamba hakukuwa na usahaulifu wowote. Bwana Msa ametokana na Sherlock Holmes, mpelelezi wa hadithi za Kiingereza ambaye mwandishi wake, Arthur Conan Doyle, alimwekea katazo hilo waziwazi: katika hadithi moja ya mwaka 1891, Watson, rafiki wa Holmes anayesimulia visa vyake, anatueleza kwamba mapenzi kwa mtu kama Holmes yangekuwa sawa na mchanga ulioingia ndani ya chombo cha kupimia. Watson mwenyewe aliruhusiwa kuoa. Mwaka 1928 Mmarekani Willard Huntington Wright, aliyekuwa akiandika kwa jina la S. S. Van Dine, alitoa kanuni 20 za riwaya ya upelelezi, na ya tatu ilikataza kabisa masuala ya mapenzi, kwa hoja kwamba kazi iliyopo ni kumfikisha mhalifu mbele ya sheria, si kuwafikisha wapenzi wawili kwenye ndoa.

Naomba tuelewane jambo moja kabla hamjaanza kuchangia. Sizungumzii hadithi ambayo ndani yake hakuna mtu anayempenda mwingine. Wivu, fumanizi na mirathi ya wake wenza ndiyo mafuta ya uhalifu, na Muhammed Said Abdulla huyo huyo alitoa mwaka 1975 riwaya iitwayo *Mke Mmoja Waume Watatu*, kwa hiyo hakuwa mgeni wa mambo ya ndoa. Ninazungumzia mapenzi ya mhusika mkuu, yale ambayo msomaji huyadai kama ujira wake wa kufika ukurasa wa mwisho. Yapo mapenzi yanayokaa kwenye hadithi kama ushahidi, na yapo yanayokaa kama zawadi. Ni hayo ya pili ambayo mwandishi ameyanyima nafasi. Je, wewe ulikutana na hali hiyo wapi, na ilikufanya nini?

Mtunzi wa Mwanza

Nashukuru kwa mada hii, kwa sababu imenigusa mfukoni. Mimi huandika simulizi za kulipia kwenye kundi la WhatsApp. Msomaji analipa shilingi 2,000 kwa simu, anaingizwa kundini, anapata sehemu moja kila jioni hadi mwisho. Mwaka jana nilianza kisa cha Inspekta Kabula, mpelelezi anayechunguza kifo cha mvuvi aliyekutwa mwaloni akiwa amefungwa kwa kamba isiyo ya wavuvi. Katika sehemu ya tisa, daktari aliyeupima mwili alimmiminia Kabula chai kutoka kwenye chupa yake, kwa kuwa wote wawili walikuwa wamekesha. Nilikiandika kifungu hicho kwa nia moja tu, nayo ni kuonyesha kwamba kumekucha.

Chai ile ilinigharimu. Kabla ya saa sita mchana nilikuwa nimepokea ujumbe zaidi ya arobaini. Mmoja aliniandikia, "Mtunzi, chai hiyo si bure." Mama mmoja, ambaye ni mteja wangu wa tangu simulizi ya kwanza, aliniomba nimwambie mapema sherehe itakuwa sehemu ya ngapi. Wengine walianza kumwita daktari "shemeji" hata kabla sijampa jina.

Sasa naomba niwaeleze kwa nini sikukubali, maana haukuwa ukaidi. Kesi nzima ya Kabula imesimama juu ya saa ambayo mvuvi alifariki, na saa hiyo inajulikana kwa kauli ya daktari peke yake. Mimi nilitaka msomaji awe huru kuitilia shaka kauli hiyo. Kabula akimpenda daktari, msomaji naye atampenda, na mtu akishakuwa shemeji hakuna atakayemuuliza tena alikuwa wapi usiku wa tukio. Uchumba ungemwondoa daktari kwenye orodha ya washukiwa bila ushahidi wowote, nami ningekuwa nimemdanganya msomaji kwa njia ambayo hawezi kunilaumu, kwa sababu angekuwa akifurahi. Wateja kumi na mmoja walijitoa kundini kabla ya sehemu ya ishirini, na wawili kati yao walitaka fedha zao. Niliwarudishia.

Nesi wa Zamu

Mimi si mtaalamu wa fasihi, ni msomaji wa usiku. Baada ya ndoa yangu kuvunjika, kila hadithi niliyoifungua ilikuwa inanitafutia mume. Mwanamke akiwa peke yake katika sura ya kwanza, ningejua kwamba kufikia sura ya tano atagongana na mwanamume mlangoni, makaratasi yadondoke, wote wawili wainame kuyaokota. Nilihamia kwenye riwaya za upelelezi kwa sababu huko maiti ndiyo yenye shughuli. Simulizi ya huyo Inspekta Kabula niliisoma (niliunganishwa na rafiki, nami nililipa, Mtunzi usiwe na wasiwasi), na kilichonikaa moyoni ni pale anapokula ugali na sato kwa mama ntilie, peke yake, anamaliza, ananawa, analipa, anaondoka. Hakuna aliyemhurumia, hata mwandishi.

Mwalimu Mstaafu

Ndugu mwanzisha mada, nimesoma hoja zenu kwa furaha, lakini naona mnalisifu katazo hili bila kuuliza lilimlinda nani. Nilifundisha sekondari kwa muda mrefu, na katika maktaba yetu ndogo kitabu kilichochakaa kuliko vyote kilikuwa *Mashimo ya Mfalme Sulemani*, tafsiri ya Frederick Johnson iliyotoka mwaka 1929. Mwandishi wake, H. Rider Haggard, alikitoa Uingereza mwaka 1885, na mapema kabisa msimulizi, Allan Quatermain, anajigamba kwamba katika kisa chake chote hakuna mwanamke, kisha anajirekebisha: yupo Foulata, na yupo kizee Gagool, ambaye hata hivyo hamhesabu.

Ukiishia hapo utasema huyu naye ni ndugu wa Van Dine. Lakini fuatilia kisa chenyewe. Foulata, msichana Mwafrika aliyeokolewa asitolewe kafara, anamuuguza Kapteni Good, Mzungu mwenzake Quatermain katika safari ya kutafuta hazina, mpaka anapona, na mapenzi kati yao yanaonekana na kila mtu, akiwamo Quatermain. Mwandishi hakuyafungia mlango. Aliyakaribisha ndani, akayaacha yakue, halafu akamfanya Gagool amchome Foulata kisu kwenye pango la hazina. Anapokata roho, Foulata mwenyewe ndiye anayetamka kwamba jua haliwezi kuoana na giza, wala mweupe na mweusi. Baadaye Quatermain anasema waziwazi kwamba kifo hicho kilikuwa cha heri, kwa kuwa kiliepusha matatizo.

Mwaka mmoja mwanafunzi wa kike aliyekuwa akikaa karibu na dirisha aliniuliza, "Mwalimu, kwa nini ilimbidi afe, na hazina walishaipata?" Nilimjibu kuhusu vitushi na msuko, majibu ya mtihani, na yeye akaandika kwa utii. Lilikuwa jibu la woga. Nilipaswa kumwambia kwamba Holmes hakuoa kwa sababu ya kazi yake, ila Good hakuoa kwa sababu ya rangi ya Foulata, na kwamba ukurasa usio na ndoa unaweza kutokana na sababu yoyote kati ya hizo mbili. Huyo mwanafunzi sasa ni mtu mzima, na kama anasoma hapa, nimechelewa kumjibu.

Msomaji wa Mombasa

Shikamoo, Mwalimu. Mimi napinga kidogo, si wewe bali Van Dine. Nilianza kusoma Kiswahili kwa hiari yangu kwa sababu ya Joram Kiango, mpelelezi wa riwaya za Ben Mtobwa, na nakiri kwamba nilimfuata kwa ajili ya Nuru, anayefuatana naye hatarini. Willy Gamba, mpelelezi wa riwaya za Elvis Musiba, naye, tangu *Kufa na Kupona* ya mwaka 1974, hakuwahi kudai kwamba ni mtawa. Hata Dorothy Sayers wa Uingereza, aliyeandika mwaka ule ule wa 1928 kwamba mapenzi huiharibu riwaya ya upelelezi, alimleta mhusika wa kike Harriet Vane mwaka 1930, na kufikia 1937 alishamwoza kwa mpelelezi wake. Kuna watunzi wanaoacha mapenzi kwa sababu hawayawezi, kisha wanaita hilo msimamo.

Mwanzisha mada

Mwalimu, umenifanya nikivue gazeti kitabu changu upya. Sababu ya pili sikuwa nimeifikiria. Ndugu wa Mombasa, Sayers nakupa. Conan Doyle mwenyewe hakuwa mlinzi mkali: mwigizaji William Gillette alipomuuliza kwa telegramu kama anaweza kumwoza Holmes katika tamthilia iliyochezwa Marekani mwaka 1899, alijibiwa kwamba amwoze, amuue, au amfanye apendavyo. Gillette akampatia Holmes binti wa kumpenda, watazamaji wakajaa kwa miaka, na msomaji wa vitabu bado anamkumbuka Holmes kapera.

Mtunzi, nina swali moja tu. Ile chai, hatimaye Kabula aliinywa?

Mtunzi wa Mwanza

Aliinywa, mkuu. Ilikuwa imeshapoa, kwa sababu alitumia dakika ishirini kulinganisha fundo la kamba na picha zilizokuwa kwenye jalada la kesi. Daktari alikuwa ameshakwenda zake.