Tupeane uzoefu: mgombea udiwani anaahidi barabara, maji na zahanati. Tunampimaje?

Wakuu, habari zenu. Kampeni za uchaguzi mkuu hapa Tanzania zikianza, macho yote yanaelekea kwenye urais, na huku kwenye kata watu wanabaki na hasira zao. Diwani aliyepotea miaka mitano anarudi na ahadi zilezile, au anapitishwa na vikao vya chama mtu ambaye hakushinda hata kura za maoni. Wengi wanaishia kususa, na kususa hakujaleta dawati wala bomba. Naomba wanaozijua kazi hizi kwa undani, watendaji, mafundi, watu wa vikao, waweke hapa mambo ya kumbana nayo mgombea. Tuweke mambo yanayopimika, lawama za jumla zinatosha.

MTENDAJI MSTAAFU
Anzeni na kalenda ya fedha, hiyo ndiyo inayoumbua ahadi nyingi. Mwaka wa fedha wa serikali unaanza Julai 1. Uchaguzi ni Oktoba. Diwani mpya anaapishwa wakati bajeti ya halmashauri imeshapitishwa na inatekelezwa. Bajeti ya kwanza anayoweza kuingizia kipaumbele cha kata yake ni ile itakayojadiliwa na baraza la madiwani miezi ya mwanzo ya mwaka unaofuata, na utekelezaji wake unaanza Julai, fedha zikitoka. Akiwaambia mradi mkubwa utaanza ndani ya miezi mitatu, mwulizeni: fedha iko kwenye kifungu gani cha bajeti inayoendelea sasa? Akikosa jibu, ahadi hiyo haina pa kusimama.

Pili, njia ya mradi. Unaibuliwa kwenye mkutano mkuu wa kijiji, ambao kisheria unafanyika kila miezi mitatu. Muhtasari unasainiwa na kugongwa muhuri, unakwenda Kamati ya Maendeleo ya Kata, ambako diwani ndiye mwenyekiti na mtendaji wa kata ni katibu, kisha unapanda halmashauri. Sehemu unapofia mara nyingi ni hapohapo kijijini: mkutano haukuitishwa, au uliitishwa akidi (idadi ya watu inayotakiwa) haikutimia, kwa hiyo hakuna muhtasari. Diwani anafika barazani mikono mitupu, na kata zenye karatasi ndizo zinazopangiwa fedha.

Kwa hiyo kama diwani anatetea kiti, ombeni mihtasari ya kamati ya kata ya miaka yake mitano. Tafuteni barabara yenu, kisima chenu, zahanati yenu. Kama jambo halimo hata kwenye muhtasari mmoja, hakulipeleka, hata kama jukwaani anasema alinyimwa.

FUNDI BARABARA
Naomba nikae kwenye barabara, maana hapo ndipo watu wanapodanganywa zaidi. Kwanza mjue barabara ni ya nani. Barabara kuu na za mkoa ni za TANROADS, wakala wa barabara wa taifa. Za wilaya, za mitaani na za vijijini ziko chini ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, tangu mwaka 2017. Diwani hana greda. Kazi yake ni kuhakikisha barabara inaingia kwenye mpango wa TARURA wa mwaka husika, kisha kusimamia.

Sasa hesabu. Barabara ya changarawe yenye upana wa mita 5 na unene wa sentimita 15 baada ya kushindiliwa inakula mita za ujazo 750 kwa kilomita moja. Kifusi kikishindiliwa kinapungua, kwa hiyo mnahitaji kuleta kama 900. Tipa la mita za ujazo 15 litapiga tripu 60. Malori manne yanayomwagwa wiki ya kampeni yanatosha mita 60 hivi, tena yakisambazwa vizuri. Hiyo si barabara, ni kuziba mashimo, na mgombea aitaje hivyo.

Ubora nao mnaweza kuupima wenyewe. Vuteni kamba iliyonyooka kutoka katikati ya barabara hadi ukingoni, iwe sawa kwa pima maji, kisha pimeni kwa rula kutoka kwenye kamba kwenda chini pale ukingoni. Kwenye upana wa mita 5 ukingo unatakiwa kuwa chini kwa sentimita 12 hivi. Kukiwa bapa, maji yatalala juu na masika ya kwanza yatachimba. Angalieni pia kama changarawe ilimwagiwa maji kabla ya kushindiliwa. Ikishindiliwa kavu, juu inaonekana ngumu lakini chini ni vumbi. Na mitaro iwe na michepuo ya kutolea maji pembeni. Barabara nyingi zinakufa kwa kukosa michepuo, wala si kwa kukosa changarawe.

MTU WA MAJI
Vijijini maji yako chini ya RUWASA, wakala wa maji na usafi wa mazingira vijijini, tangu 2019. Mgombea akiahidi kisima, mwulizeni mambo matatu: utafiti wa maji ardhini umefanyika? Baada ya kuchimba nani atapima wingi wa maji kabla ya kununua pampu? Chombo cha watumia maji kimesajiliwa? Sera ya Maji ya 2002 ilitaka kituo kimoja cha kuchotea kihudumie watu 250, ndani ya mita 400. Kwa kipimo hicho, kijiji cha watu 2,000 kinahitaji vituo vinane. Kisima kimoja chenye bomba moja ni mwanzo tu.

MWANA VIKAO
Kwa wagombea ubunge, ulizeni Mfuko wa Jimbo, yaani fedha za serikali za kuchochea maendeleo ya jimbo. Upo kwa sheria tangu 2009, mbunge ndiye mwenyekiti wa kamati yake na afisa mipango ni katibu. Aliyekuwa mbunge alete orodha ya miradi kata kwa kata, na kiasi. Mabati na saruji zilizotoka kwenye mfuko huo ni fedha za umma, asizigawe kama zawadi yake.

Kuhusu kugawiwa kanga, chumvi na nauli: Mahakama Kuu ilibatilisha mwaka 2006 vifungu vya sheria ya uchaguzi vilivyoruhusu takrima, yaani mgombea kukirimu wapiga kura, na Sheria ya Gharama za Uchaguzi ikaja 2010. Mnapokea, mnaumia miaka mitano.

MLETA MADA
Shukrani sana. Swali: mkutanoni mshereheshaji hatoi kipaza sauti kwa wenye maswali magumu. Mnafanyaje?

MTENDAJI MSTAAFU
Msitegemee jukwaa. Mikutano inafungwa saa 12 jioni na hotuba ndefu zinakula muda wote. Mgombea udiwani anapita nyumba kwa nyumba, mbaneni hapo. Andikeni maswali matano kwenye karatasi moja, kila kitongoji kiulize yaleyale, majibu yaandikwe na tarehe. Kila mgombea aulizwe hayohayo, wa chama chochote.

Mkinyimwa mihtasari, andikeni barua ya maombi chini ya Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016. Tajeni nyaraka kwa jina na miezi yake, mfano "mihtasari ya Kamati ya Maendeleo ya Kata, Julai hadi Juni". Mkiandika "taarifa za maendeleo" tu, mtarudishiwa. Muda wa kujibiwa ni siku 30, kwa hiyo pelekeni mapema, kabla kampeni hazijaanza. Nakala yenu igongwe muhuri wa kupokelewa na iandikwe tarehe.

FUNDI BARABARA
Naongeza moja: siku ya kura, huku bara, mnapewa karatasi tatu, rais, mbunge na diwani, na kila moja inahesabiwa peke yake. Waelezeni wazee nyumbani kwamba kumpenda mgombea urais hakumlazimishi mtu kumpa kura diwani wa chama hicho.