Naombeni ushauri: nisubiri na video ndefu au nihamie fupi?

Wakuu, habari za saa hizi. Nina chaneli ya mapishi ya pwani YouTube, narekodi mwenyewe kwa simu hapa Tanga. Ili nianze kulipwa matangazo kwa njia ya video ndefu, natakiwa nifikishe wafuasi 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12. Wafuasi wanapanda mdogo mdogo. Hizo saa ndizo zinazonitoa jasho. Video ya mkate wa kumimina watu wanaikimbia mchele uliosagwa haujaumuka bado! Iliyosambaa ni ile fupi ya kukuna nazi kwenye mbuzi, na video fupi zikitazamwa kwenye mkondo wa Shorts hazihesabiwi katika zile 4,000.

Kuna kijana ananishawishi ninunue wafuasi. Hilo sitaki: namba itapanda, mtazamaji hayupo, na YouTube wenyewe wanakataza.

Mliotangulia, nivumilie na ndefu, au kwanza nivute watu kwa fupi? Na mume anayeuliza kila wiki "hela inaingia lini?", nyie wenzangu huwa mnamjibuje?