Naombeni ushauri: picha za bendi ukumbini zinatoka giza na zina mistari

Wakuu habari za leo. Kaka yangu, mtoto wa baba mkubwa, anapiga solo kwenye bendi ya dansi hapa Dar, sio bendi kubwa, wanapiga Ijumaa na Jumapili kwenye ukumbi mdogo nyuma ya baa huku Temeke, dari liko chini, jukwaa limeinuka kama tofali mbili tu, watu wakijaa unajikuta hatua tatu kutoka kwa muimbaji. Kaniomba picha maana hawana hata moja ya maana ya kuweka kwenye bango.

Nimeazima Canon 1300D na lenzi yake ya 18-55. Ijumaa nimepiga zaidi ya mia tatu, za kueleweka hazifiki tano. Nilianza na flashi, nyuso zikatoka kama zimepakwa unga na nyuma giza tii, wimbo wa tatu kiongozi wa bendi akanifuata, kijana zima hiyo kitu inawachoma macho wapulizaji. Nikazima. Jamaa mmoja akaniambia weka shata (muda kamera inapofunguka kupokea mwanga) 1/500 ya sekunde, kweli hawakutikisika ila picha zikawa nyeusi, nilipoziongezea mwanga kwenye simu nikakuta chengachenga, vile vipunje kama mchanga, na mistari imekata picha nzima kama mkeka. Taa zao ni LED za rangi, nyekundu karibu muda wote. Jumapili narudi, nisaidieni, sitaki kumwangusha bro.

lenzi_moja: Pole mkuu. Kiongozi wa bendi yuko sahihi, flashi kwenye ukumbi wa dari fupi sahau. Kinachokukaba ni lenzi. Ukiivuta mpaka 55 haifunguki zaidi ya f/5.6 (hiyo f ni tundu la lenzi, namba ikiwa ndogo mwanga unaingia mwingi). Azima 50mm f/1.8, ni katika lenzi za bei ya chini kabisa na inaingiza mwanga karibu mara kumi ya hiyo. Ila ujue kwenye kamera yako 50 inakaa kama 80, utapata mtu mmoja kuanzia kiunoni, bendi nzima haiingii. Ukiikosa basi baki kwenye 18, pale inafunguka f/3.5, sogea wewe kwa miguu. ISO, yaani wepesi wa kamera kuona gizani, weka 3200, pakikaza 6400, usiogope chengachenga, picha yenye chengachenga watu wanaibandika ukutani ila iliyotikisika haina dawa. Shata 1/160 inatosha kwa muimbaji. Na piga RAW, faili ghafi la kamera, sio JPEG iliyokwisha banwa, ndio utaweza kuokoa kitu baadaye.

Mtoto wa Keko: Hiyo mistari ni taa mkuu, kamera haina kosa. Umeme wetu ni 50 Hz kwa hiyo taa nyingi zinapepesa mara 100 kwa sekunde, jicho halioni ila shata ya 1/500 inaona. Weka 1/100 mistari inapotea.

fundi taa: Hapo kwa Keko naongezea. 1/100 inasaidia kwenye tubulaiti na taa za ukutani. Hizi LED za jukwaani zikipunguzwa mwanga zinapepesa kwa mwendo wake zenyewe, haufuati umeme wa TANESCO. Kwa hiyo jaribu 1/100, ikigoma 1/125, ikigoma 1/80, angalia kwenye kioo kabla bendi haijapanda. Bora zaidi nenda mapema ukaongee na mwenye taa, muombe kwa heshima aziwashe zote full na akuwekee nyeupe kidogo au ya njano upande wa muimbaji. Nyekundu tupu inaua uso, macho na mdomo vinakuwa bonge moja jekundu. Ikibidi upige kwenye nyekundu, punguza mwanga kidogo halafu nyumbani igeuze nyeusi na nyeupe.

Mama Chemko: Mwanangu hayo ya namba waachie wenzangu, mimi dansi nimelifuata tangu enzi bendi zinashindana kweli. Wewe jifunze nyimbo zao. Mwanzo wakiimba taratibu muimbaji anasimama na maiki, anafumba macho mwisho wa mstari, hapo piga uso. Wimbo ukiingia chemko, ile sehemu ya mwisho ya kasi, geukia solo, kaka yako atainamia gitaa vidole vinakimbia huku chini, na tumba anajibu. Ndio wakati watu wanapanda kutunza, usiwaone kama wanakuziba. Noti ikibandikwa kwenye paji la uso linalotiririka jasho hiyo ndiyo picha yenyewe. Ila anayetunza muulize kwanza kama anataka kuonekana, wengine wameaga wanaenda msibani.

lenzi_moja: Mama umemaliza. Mkuu, pamba za masikioni pia, umesema uko hatua tatu, hapo spika lazima ziko karibu yako.

Mleta uzi: Wakuu nimerudi, asanteni sana. 50 niliipata kwa jirani. Nilifika saa kumi na moja wakiwa wanajaribu vyombo, mwenye taa akaniwekea moja ya njano kushoto, mistari ikaisha kwenye 1/125. Nimepata kama ishirini nzuri. Moja ni mkono wa mpiga tumba tu, kiganja kimeinuka, vumbi la ngozi ya ngoma linaonekana kwenye ule mwanga wa njano, bro kaiangalia muda mrefu bila kusema kitu halafu akaniambia mtumie mwenyewe usiku huu huu. Sasa mpiga drams yuko nyuma kabisa gizani, hata kwenye f/1.8 simpati. Mama Chemko, yeye anaangaza uso wakati gani?