Mto umejaa, unamkatia mtu kamba ya mtumbwi, halafu unamwambia "ulikuwa unanikwangulia rangi"?

Wakuu, leo sisalimii.

Wote mnaofunga vyombo pale chini ya mkuyu, upande wetu huku Utete, mnamjua. Jina sitaji. Yule yule wa boti la buluu. Yule ambaye boti lake linaoga kuliko yeye.

Rufiji mnaijua inavyopanda. Mvua inanyesha huko juu Kilombero na Luwegu, wewe huku chini umeshinda na jua kali, alfajiri maji yapo mlangoni yanabisha hodi. Nikashuka na tochi mdomoni kwenda kulegeza kamba, maana kamba ikikaza na maji yanapanda, omo, ile pua ya mbele, inavutwa chini, mtumbwi unakunywa maji mpaka unashiba.

Nafika, kigingi kipo. Kamba ipo, nusu. Imekatwa kwa panga, safi, hata uzi haujachomoza. Mtumbwi hakuna. Na yeye kakaa ndani ya boti lake, anatafuna muwa. Saa kumi na moja alfajiri, mtu anatafuna muwa! Namuuliza, mtumbwi wangu uko wapi? Anatema makapi mtoni, taratibu, ndipo ananijibu: "Ulikuwa unanikwangulia rangi."

RANGI, wakuu. Magogo yanapita mazima na mizizi yake, viboko wenyewe wamehama, yeye anahesabu mikwaruzo. Angesema kamba zilisokotana akaona bora akate, ningemwelewa. Angesema kalewa, ningemsamehe. Lakini alitema makapi KWANZA.

Mtumbwi nimeukuta umepanda juu ya shamba la mpunga la watu, bado kidogo ungefika Mafia bila nauli. Mwenye shamba naye anataka nimlipe mpunga. Nimlipe mimi! Kwani mimi ndiye niliyekuwa natafuna muwa?

Pondo Refu: Mleta mada, swali dogo tu. Ulifunga na kamba ya chombo au ile ya mbuzi?

Mleta mada: Kamba ya nailoni, mpya. Usinichokoze.

Bint Ikwiriri: Hahahaha "linaoga kuliko yeye". Nimemjua kabla sijamaliza kusoma.

Dungu la Juu: Huyo huyo. Mafuriko ya Aprili 2024 alifunga boti lake kwenye nguzo ya dungu langu, kile kibanda changu cha juu ya nguzo shambani. Maji yakapanda, boti likapanda nayo, nguzo ikang'oka, dungu likalala kifudifudi na vyungu vyangu vyote. Namfuata, ananiambia dungu langu ndilo lililovuta boti lake.

Mleta mada: MNAONA? Na alikuwa anatafuna nini?

Dungu la Juu: Siku ile alikuwa anachokonoa meno mkuu.

Mtu wa Kibiti: Mnamwonea bure. Chanzo ni bwawa la umeme la Nyerere huko juu. Tangu lianze kujazwa Desemba 2022 mto huu hauna adabu. Eti megawati 2,115, na hapa naandika simu ina asilimia nne, umeme hakuna.

Pondo Refu: Bwawa halina panga mkuu.

Mlau Mwenyewe: Na mto haujaanza kufurika juzi. Wazee wetu walikuwa wanalala madunguni kwa kupenda ngazi? Bila maji kupanda yakashuka, mlau, kile kilimo cha kwenye unyevu maji yakishuka, utalima wapi? Mimi nangojea yashuke nipande mahindi yangu, nyie endeleeni kulia na kamba.

Mleta mada: Silii na kamba. Nalia na RANGI. Mtu mzima anakutazama usoni, umelowa mpaka kiunoni, anatema makapi...

Bint Ikwiriri: Makapi tumeshayasikia kaka.

Nahodha wa Nyamisati: Nyie wa juu mnadeka. Maji yenu yanapanda msimu mara moja. Sisi huku delta bamvua, yale maji makubwa ya bahari, linakuja mara mbili kwa mwezi, na likikutana na mto uliojaa huwezi kufumba jicho. Kamba ukiikaza, chombo kinazama. Ukiiachia sana, maji yakipwa unakuta mashua imening'inia juu ya mikoko, unatafuta watu wa kuiteremsha, na wenyewe wanataka walipwe kabla hawajagusa. Halafu abiria wa Mafia anakuuliza mbona umechelewa.

Abiria wa Mafia: Na nauli mnapandisha maji yakipanda. Hilo hukulisema.

Nahodha wa Nyamisati: Mafuta unaninunulia wewe?

Mzee wa Ndundu: Vijana, kabla ya daraja la Mkapa 2003 mlikuwa wapi? Mto ukijaa, kivuko pale Ndundu hakisogei. Magari ya Lindi na Mtwara yanapanga foleni, watu tunalala chini ya lori, mbu wa kule wanabeba shuka. Na muuza maandazi akaongeza bei! Huyo mama sijamsamehe mpaka leo.

Mleta mada: Mzee wangu shikamoo, lakini turudi kwenye mada jamani.

Mzee wa Ndundu: Marahaba. Andazi moja bei ya mawili.

Mwana Kibirizi: Tuko Kigoma tunawacheka. Mto ukijaa unashuka. Ziwa je? Tanganyika maji yana mlango mmoja tu wa kutokea, Lukuga, nao uko Kongo. Yakipanda ndiyo yamehamia. Mwalo tuliokuwa tunafunga boti sasa unaelea juu yake, na kigingi changu cha zamani kipo chini ya maji huko, samaki wanakizunguka. Mimi nimechoka, mashine ya boti naiuza, Yamaha farasi 15.

Pondo Refu: Shingo fupi au ndefu?

Mwana Kibirizi: Ndefu. Haijafunguliwa hata mara moja.

Mleta mada: Wakuu, RANGI!

Abiria wa Mafia: Bei?

Mwana Kibirizi: Milioni tatu na nusu, maongezi yapo. Mwenye boti la buluu keshanitumia ujumbe, anataka ya kupakwa rangi upya.

Pondo Refu: Usimuuzie. Nakufuata huko kwenye ujumbe.