Mjadala: Je, michoro ya papo kwa papo bado inahitaji lugha yake yenyewe?

Mleta mada

Ndugu wadau, naleta mezani suala linalowagawa watu wanaoandika sheda, yaani zile programu fupi zinazoendeshwa ndani ya chipu ya michoro na kuamua kila ncha ya umbo ikae wapi na kila pikseli ipate rangi gani. Wapo wanaosema kwamba lugha maalumu za sheda zimepitwa na wakati, na kwamba lugha za jumla kama C++ au Rust zinatosha kabisa mradi kompaila zake, yaani programu zinazogeuza alichoandika mtu kuwa maagizo ya mashine, ziweze kutoa msimbo wa chipu hiyo. Mimi nashikilia kwamba lugha maalumu bado inahitajika, ila si kwa jinsi tulivyozoea kuitengeneza.

Tulivyozoea ni hivi. Kadi ya GeForce 3 ilipotoka mwaka 2001, sheda ziliandikwa kwa maagizo machache yanayofanana na asembli, lugha iliyo karibu kabisa na ile ya mashine. Muda mfupi baadaye zikaja Cg ya NVIDIA na HLSL ya Microsoft, na mwaka 2004 GLSL ikaingizwa rasmi katika OpenGL 2.0, mfumo wa wazi wa kuiagiza chipu ya michoro. Zote tatu zilifuata sura ya C, jambo lililowarahisishia watu kuzijifunza, lakini zikabeba na umaskini wake: mwanzoni hazikuwa na moduli (vipande vya msimbo vinavyojitegemea) wala jenariki (msimbo mmoja unaofaa aina nyingi za data), na mwenye msimbo mkubwa alilazimika kuukatakata kwa #ifdef, agizo linaloingiza au kuondoa sehemu za msimbo kabla haujapita kwenye kompaila. Matokeo yake tunayaona hadi leo. Sheda moja yenye swichi 10 za ndiyo au hapana inaweza kuzaa matoleo 1,024, na swichi zikifika 20 matoleo yanapita milioni moja, ilhali kosa lililojificha katika toleo moja halionekani hadi siku toleo hilo litakapopitishwa kwenye kompaila.

Hata hivyo, dawa ya hayo si kuhamia lugha ya jumla, kwa sababu chipu ya michoro ina tabia ambazo lugha hizo hazina pa kuziandika. Chukueni mfano wa kusoma tekscha, ile picha inayobandikwa juu ya umbo. Chipu huchakata pikseli kwa vikundi vya nne, mbili kwa mbili, na hupima tofauti ya viwianishi kati ya majirani ili ijue picha inabadilika kwa kasi gani na isome nakala ya ukubwa upi. Sasa usomaji huo ukiwekwa ndani ya sharti la `if` ambalo pikseli tatu zimeliingia na ya nne haikuliingia, ile tofauti haina tena thamani ya kutegemewa, na kwenye skrini hujitokeza vidoa au mistari myembamba inayofuata kingo, pengine kwenye kadi ya kampuni moja na isionekane kwenye ya nyingine. Katika C++ ya kawaida, hakuna chochote kwenye aina ya funkisheni kinachomwonya mwandishi. WGSL, lugha ya WebGPU (mfumo wa michoro wa vivinjari vya wavuti), huchunguza kama pikseli zote zinapita njia moja, na isipoweza kulithibitisha hilo huukataa msimbo, isipokuwa mwandishi mwenyewe awe ameuzima ukaguzi huo. Ukali huo huudhi, hasa unapojua kwamba msimbo wako ni salama, lakini mimi nauona kuwa ndiyo kazi ya lugha.

Mchangiaji wa kwanza

Ndugu mleta mada, umechagua mfano unaokufaa. Kazi nyingi sasa zinafanywa na sheda za hesabu, ambazo haziendeshwi kwa pikseli hata kidogo. Maumivu yangu yako kwingine, nayo ni mpaka kati ya programu kuu na sheda.

Tuseme nina muundo wa data wenye vekta mbili mfululizo, kila moja ikiwa na namba tatu za desimali: ya kwanza ni mahali taa ilipo, ya pili ni rangi yake. Katika C++ vekta ya pili huanza kwenye baiti ya 12. Kwa kanuni ya upangaji ya GLSL iitwayo std140, huanza kwenye baiti ya 16. Kompaila zote mbili huridhika, programu inawaka bila lalamiko, kisha taa iliyopaswa kuwa nyeupe inatoka ya njano kwa sababu sehemu ya buluu imesomwa kutoka kwa data inayofuata, ambayo ilikuwa sifuri. Mtu anaweza kumaliza siku nzima akikagua hesabu za mwanga ambazo hazina kosa lolote. Kama maelezo ya muundo huo yangeandikwa mara moja katika lugha moja na kusomwa na pande zote mbili, kosa hilo lisingezaliwa. Apple ilijenga lugha ya Metal juu ya C++ tangu mwaka 2014, na faili hizo za maelezo hushirikiwa bila shida. Kwa nini wengine wasifanye hivyo?

Mleta mada

Hoja ya mpangilio wa data ni nzito, na lugha yoyote mpya isiyoijibu haifai. Lakini Metal ni shahidi wangu, si wako. Humo hamna maktaba ya kawaida ya C++, hamna `new` wala `delete`, hamna funkisheni za `virtual`, na hamna kurusha hitilafu; badala yake kila kiashiria, yaani anwani ya data, hutakiwa kutaja kinaelekea kumbukumbu ya aina gani. Ukishaondoa hayo yote na kuongeza haya, umetengeneza lugha maalumu, ila umeacha jina la zamani mlangoni. Na hilo la kushiriki maelezo halihitaji C++: kompaila ya sheda inaweza kutoa ripoti ya mahali kila data ilipokaa, na programu kuu ikaifuata.

Mchangiaji wa pili

Mnabishania sarufi ilhali tatizo liko chini zaidi. Mleta mada amelaumu #ifdef kana kwamba watu huipenda. Katika chipu nyingi za NVIDIA, kila kitengo cha hesabu kina rejista 65,536 za biti 32, yaani nafasi ndogo za kushikilia namba zinazofanyiwa kazi. Sheda inayotaka rejista 32 kwa kila uzi, yaani kila nakala yake inayoendeshwa, huacha nafasi ya nyuzi 2,048. Ikitaka 128, nafasi hubaki ya nyuzi 512, na chipu hukosa kazi mbadala wakati ikisubiri data kutoka kwenye kumbukumbu. Rejista hizo hugawiwa kabla sheda haijaanza, kwa kipimo cha njia yake nzito kuliko zote, hata kama hakuna pikseli itakayoipita njia hiyo. Ndiyo maana swichi hazifanywi kuwa `if` za kawaida. Matoleo 1,024 ni gharama iliyoletwa na chipu, si na C.

Kuna na suala la kukwama kwa picha. SPIR-V, fomati ya msimbo wa sheda uliokwisha kuchakatwa nusu, ilitangazwa mwaka 2015 na Khronos, muungano wa makampuni unaosimamia viwango vya michoro, ili draiva (programu ya kuendesha chipu inayotolewa na mtengenezaji wake) isilazimike tena kusoma maandishi ya GLSL, na DXIL ya Microsoft hufanya kazi hiyo hiyo upande wa Direct3D, mfumo wake wa michoro, lakini zote ni hatua ya kati tu. Draiva bado huligeuza kila toleo kuwa maagizo ya chipu iliyomo ndani ya kompyuta ya mchezaji. Kwa fremu 60 kwa sekunde kuna milisekunde 16.7 tu kwa kila fremu. Sheda moja nzito ikigeuzwa katikati ya mchezo huzimeza zote na kuvuka. Kwenye konsoli hali ni tofauti, kwani vifaa vinajulikana mapema na msimbo wa mashine husafirishwa ukiwa tayari.

Mleta mada

Umeeleza chanzo vizuri kuliko mimi, ila chanzo hicho kinalazimisha matoleo mengi tu, hakilazimishi #ifdef. Yong He, Tim Foley na Kayvon Fatahalian walipowasilisha lugha ya sheda iitwayo Slang katika SIGGRAPH, mkutano wa michoro ya kompyuta, mwaka 2018, walionyesha kwamba jenariki zenye masharti ya wazi zinaweza kukaguliwa mara moja, kisha kompaila ikazalisha matoleo maalumu yenye wepesi ule ule unaoutetea. Kosa hukamatwa kwenye msimbo wa jumla kabla ya toleo lolote kuzaliwa. Mnamo Novemba 2024 Khronos ikaichukua Slang kuwa mradi wa wazi chini yake, na miezi miwili kabla ya hapo Microsoft ilitangaza kwamba Direct3D itaipokea SPIR-V kuanzia Shader Model 7, toleo la saba la kanuni zake za sheda. Kwangu mimi hilo la pili ni kubwa zaidi, maana fomati ya kati ikiwa moja, lugha zinaweza kushindana bila kumfungia mtu ndani ya mfumo wa kampuni moja.

Kuhusu kukwama kwa picha, lugha yenye moduli husaidia kwa kiasi: idadi ya matoleo hujulikana mapema, kwa hiyo injini ya mchezo inaweza kuyaomba yote kabla hayajahitajika. Ugeuzaji wa mwisho utabaki mikononi mwa wenye chipu. Hapo nawaomba wanaoandika draiva waingie kwenye mjadala na watueleze ni sehemu gani ya kazi hiyo isiyoweza kumalizwa mchezo unaposakinishwa, na kwa nini.